Rodi ya kuvulia: anza na iliyovunjika

Kusi likishika kasi, boti za kuvulia za Watamu, Malindi na Shimoni hupandishwa juu kukwanguliwa na kupakwa rangi, na hapo ndipo rodi zinapoanza kufika kwa fundi. Zinakuja zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Moja haina ncha, nyingine pete zimeota kutu ya kijani, ya tatu imekatika katikati na vipande vyake vimeshikizwa kwa tepu nyeusi ya umeme. Baharia anaubwaga mzigo kwenye benchi na swali ni lile lile la mwaka jana: "Fundi, hizi zinapona?"

Nyingi zinapona. Na kila anayeniuliza aanzie wapi kujifunza kazi hii namwambia asinunue vifaa vipya kwanza. Atafute rodi moja iliyovunjika ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa. Akiifungua ataona fundi wa kwanza alivyoifunga, atapata pete, kiti cha rili na mpini bila kutoa hata shilingi, na akiharibu hakuna wa kumlilia.

Tuelewane maneno kidogo. Ufito ni mwili mtupu wa rodi kabla haujafungwa kitu. Mshipi ni wa kuvulia, uzi ni wa kufungia pete. Pete ni vile vijiduara vya ufitoni ambamo mshipi hupita; nikisema pete ya ncha ni ile ya juu kabisa. Rili ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kiti ni pale rili inapokaa, na kitako ni mwisho wa chini wa rodi.

Isome kabla ya kuigusa

Kosa la kwanza la wengi ni kukimbilia gundi. Tazama kwanza imekatika wapi na vipi, maana rodi ikivunjwa na jambo fulani ukaiponya bila kulijua jambo hilo, itarudi.

Faiba ya kioo, iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, ni nzito lakini mvumilivu. Ikikatika huchanika nyuzi nyuzi kama muwa uliotafunwa. Kaboni, iliyoingia kwenye rodi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni nyepesi na ina nguvu za ajabu ikipindwa, ila haitaki kugongwa. Yenyewe hukatika kwa mlio mmoja, mara nyingine vipande vitatu kwa mpigo. Rodi nzito za kukokotea chambo nyuma ya boti nyingi ni za kioo au mchanganyiko, na ndizo rahisi zaidi kutibu.

Mkatiko wa sentimita chache kutoka nchani kwa kawaida ni mlango wa gari, au mtu amekunja mshipi mpaka kiungio cha chuma kikagonga pete ya ncha. Theluthi ya juu ikikatika samaki akiwa chini ya boti, mvuvi ameinyanyua rodi wima kabisa, na uzito wote ukabebwa na sehemu nyembamba badala ya kiuno. Ikikatika penye maungio ya vipande viwili, viungio havikusukumwa hadi mwisho. Halafu kuna mkatiko wa mahali pasipo na sababu, katikati ya ufito, siku ya bahari shwari, samaki mwenyewe wa kilo mbili. Huo ni jeraha la zamani.

Nililetewa moja ya namna hiyo. Mwenyewe aliapa kwamba nguru mkubwa ndiye aliyeivunja. Nilipafuta mahali palipokatika kwa kitambaa chenye spiriti, nikapageuza kwenye jua, na pembeni pakaonekana alama nyeupe ndogo kama ukucha wa mtoto. Kitu kigumu kiliigonga, risasi ya mshipi au kifuniko cha sanduku la barafu, pengine miezi kabla. Nguru alimalizia tu.

Ncha: dawa ya nusu saa

Pete ya ncha ikivunjika peke yake, ipashe moto mdogo wa kiberiti cha gesi kwenye bomba lake la chuma, sekunde chache, ukilenga chuma na kuuepuka ufito. Gundi ikilainika, ivute kwa koleo moja kwa moja bila kuizungusha. Kama ufito wenyewe umekatika, kata sehemu iliyopasuka mpaka ufikie penye uzima. Zungushia tepu ya karatasi pale utakapokata, kisha tumia msumeno wa chuma wa meno madogo au ukingo wa tupa, ukiugeuza ufito kidogo kidogo. Kisu na koleo la kukatia waya vinaubana na kuupasua urefu wake wote.

Kaboni na kioo vikisagwa hutoa vumbi baya kwa mapafu, na ngozi itawasha siku nzima. Vaa barakoa, loanisha msasa, na usifanyie kazi hiyo jikoni.

Pima unene wa ncha mpya, chukua pete ambayo bomba lake linaingia bila kulazimishwa wala kucheza, na uishike kwa ile gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa moto. Watu wanapenda kutumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya chupa mbili, hapa wakidhani ni imara zaidi. Ni imara kweli, ndiyo taabu yenyewe: siku pete hiyo ikipasuka hutaitoa bila kuunguza ufito.

Jambo moja kwa mafundi wanaohudumia boti za kitalii. Wavuvi wanaowania rekodi hufuata kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo: kutoka katikati ya rili kwenda nchani isipungue sentimita 101.6, na kwenda kitakoni isizidi 68.58. Rodi fupi ya kiti cha kupigania samaki, kile anachokalia mvuvi mwenyewe botini, ukiikata ncha mara mbili tatu inaweza kuvuka mpaka huo, kwa hiyo pima umwambie mwenyewe kabla ya kukata.

Imekatika katikati

Hapa unatia mfupa ndani. Mfupa ni kipande cha ufito mwingine uliokufa, ambacho unene wake wa nje unalingana na uwazi wa ndani wa rodi yako. Ndiyo maana fundi hatupi vipande, na ndiyo maana pembe moja ya karakana yangu inaonekana kama tundu la ndege.

Urefu wake uwe walau mara 10 ya unene wa ufito pale ulipokatika. Ufito wa milimita 8, mfupa wa sentimita 8 hadi 10, nusu juu, nusu chini. Sasa fikiri kidogo. Ufito huwa unapungua unene kuelekea nchani. Nusu ya juu ya mfupa itaingia na kukaza yenyewe, lakini kipande cha chini kinapanuka kadiri unavyoshuka, na mfupa ukiusukumia kutoka juu utapwaya na hata kutumbukia. Kama rodi ni ya vipande viwili na sehemu iliyovunjika iko wazi chini, ingiza mfupa kwa upande wa chini, upandishe hadi ujitokeze na kukwama kwenye mkatiko. Kama chini kumezibwa na mpini, usugue mfupa upite, upitishie kipande cha mshipi ndani yake cha kuushikilia usitumbukie, na uache epoksi ijaze nafasi.

Kabla ya gundi, chonga miisho ya mfupa iwe myembamba kwa msasa. Mfupa wenye mwisho butu hutengeneza ukingo ndani ya rodi, na rodi itakatika tena hapo hapo kwenye ukingo. Hili sikulijua mwanzoni, nikaponya rodi moja ikavunjika mara mbili, sentimita tano juu ya ponyo langu.

Epoksi iwe ile ya polepole ya saa 24. Ya dakika tano hukauka kabla hujanyoosha kazi, na haistahimili kupindwa kama yenzake. Unganisha, funga jicho moja uchungulie urefu wote kama unyoofu upo, ulaze mahali pasipoguswa. Kesho yake zungushia uzi uliokazwa sana juu ya mkatiko, upite sentimita mbili au tatu kila upande, kisha upake epoksi ya rodi kama nitakavyoeleza. Itapona, ila hapo itakuwa ngumu zaidi ya awali na mkono utahisi. Mwambie mwenyewe ukweli huo.

Kufunga pete

Hii ndiyo kazi hasa. Mengine yote ni useremala mdogo.

Benchi la kwanza halihitaji mashine. Chukua sanduku la mbao au katoni ngumu, kata herufi V mbili zinazotazamana, tandika kitambaa kwenye mikato ili ufito usikwaruzike. Kibweta cha uzi kiweke ndani ya kikombe, uzi upite katikati ya kitabu kizito kilichofungwa, ndipo uje kwenye ufito. Ukitaka uzi ukaze zaidi, ongeza kitabu juu.

Uzi ni wa nailoni wa kufungia rodi. Namba A ni mwembamba, wa rodi nyepesi. Namba D ni mnene, wa rodi za boti. Ujue kwamba uzi wa kawaida ukipakwa epoksi hubadilika rangi: mwekundu unaiva kama damu ya mzee, mweupe unapotea kabisa na mguu wa pete unaonekana chini yake. Funga kidogo kwenye kipande chakavu ukipake kwanza uone.

Kutoa pete ya zamani, pitisha wembe juu ya mguu wa chuma wa pete, kamwe si juu ya ufito, kisha menya. Ikigoma, ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele. Alama moja ya wembe kwenye kaboni ni jeraha lile lile la nguru.

Pete yenyewe ikague kwa pamba. Pitisha pamba ndani ya duara la kauri. Ikibakiza nyuzi, kuna ufa ambao jicho halikuuona, na ufa huo unakata mshipi kama wembe. Pete za kuzunguka, zile za rodi nzito, zungusha kwa kidole. Zilizokwama zioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zilainishe kwa grisi, na zikikataa zibadilishe, maana mshipi utazichimba mfereji.

Sasa mguu wa pete. Miguu mingi inatoka kiwandani na mwisho mnene. Isugue kwa tupa ndogo hadi mwisho uwe mwembamba kama makali ya kisu cha mezani, kisha lainisha upande wa chini usije ukaukwaruza ufito. Uzi unapanda mlima huu; ukikuta ngazi utaacha pengo, na pengo ni mlango wa maji ya chumvi.

Shikiza mguu mmoja kwa tepu. Anza kufunga milimita 4 nje ya mguu mwingine. Zungusha uzi mara moja, uvushe juu ya mkia wake, endelea mizunguko mitano au sita ukiubana ule mkia chini, kisha ukate. Kuanzia hapo ni mkono wa kushoto unaozungusha ufito na wa kulia unaoelekeza uzi, mzunguko ukigusa mzunguko. Usiutazame uzi unapoingia. Tazama mahali utakapoingia. Ukiona pengo, lisukume kwa mgongo wa kijiko. Ikibaki mizunguko 8 hivi kufika mwisho, laza juu ya kazi kitanzi cha mshipi mwembamba, kikitazama unakokwenda. Funga juu yake ile minane, kata uzi ukiubana kwa kidole gumba, pitisha mkia wake ndani ya kitanzi, kisha kivute. Mkia unaingia chini ya mizunguko na kutokea nyuma. Ukate karibu kabisa kwa wembe mpya.

Mara ya kwanza kitatoka chote mkononi mwako. Mara ya pili pia. Mimi nilifungua na kufunga pete moja jioni nzima, mama watoto akauliza kama nasuka ukili.

Uzi ukaze kiasi gani? Kiasi kwamba pete ukiisukuma kwa gumba baada ya kufunga inakubali kusogea unywele mmoja, ili uinyooshe na wenzake. Ikikataa kabisa umekaza mno, na kwenye kaboni nyembamba unaweza kuubonyeza ufito. Rodi za kukokotea ni kinyume chake: funga kwanza tabaka la uzi chini ya mguu wa pete kama godoro, kisha la juu, lote kwa nguvu.

Epoksi na hewa ya pwani

Epoksi ya rodi ina chupa mbili, moja ya gundi na moja ya kigumishi, ambacho wanaonyoosha magari wanakiita hadna. Nyingi huchanganywa sawa kwa sawa. Usikadirie kwa jicho. Tumia mabomba mawili ya sindano, uyaandike, na usiyabadilishane kamwe: mililita 3 kwa 3 zinatosha mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwa rodi nzima. Tafuta mabomba yasiyo na mafuta ya silikoni, kwa sababu silikoni ikiingia kidogo tu epoksi hukimbia uzi na kuacha vimacho. Vaa glavu, wapo mafundi ambao ngozi zao zimeikataa epoksi moja kwa moja baada ya miaka ya kuishika kwa mikono mitupu.

Koroga polepole dakika 2 hadi 3 ukikwangua kuta na chini ya kikombe. Haraka inaleta mapovu. Kisha imwage yote kwenye kipande cha karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula. Hilo lina maana mbili. Ikitandazwa mapovu yanapanda na kupasuka, na pia haijichemshi. Epoksi iliyorundikana kikombeni hutoa joto lake yenyewe, na kwa joto letu la pwani inaweza kuganda kabla hujafika pete ya nne.

Paka kwa brashi laini ukiuzungusha ufito, uhakikishe imeingia kwenye lile handaki dogo pembeni mwa mguu wa pete. Mkono wa kwanza uwe mwembamba, kazi yake ni kulowesha uzi. Yale mapovu yaliyobaki yapitishie moto wa koroboi ya spiriti kwa mbali na kwa haraka, yatapasuka yenyewe.

Baada ya hapo lazima rodi izunguke, la sivyo epoksi itashuka na kuganda kama machozi ya mshumaa. Kwa mkono ni kuigeuza nusu mzunguko kila dakika chache mpaka iache kutiririka, kazi ya saa kadhaa. Njia ya jua kali ni mota ya sahani ya maikrowevu iliyokufa, ile ndogo iliyo chini kabisa, inayozunguka mara 5 au 6 kwa dakika. Soma volti zilizoandikwa juu yake, maana si zote ni za 240. Na ifikie kwa bamba la chini tu. Ndani ya kasha la maikrowevu kuna kapasita inayoweza kuua hata kama waya umechomolewa ukutani.

Adui mkubwa huku kwetu ni unyevu. Ukipaka jioni ya masika, asubuhi utakuta uso wenye ukungu na utelezi kama umepakwa mafuta. Oshea kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, sugua kidogo, paka mkono wa pili. Ndiyo maana mimi napaka kuanzia saa nne asubuhi, hewa ikishakauka, milango imefungwa vumbi lisiingie. Ikibaki inanata baada ya siku mbili, ulikosea vipimo. Mara nyingi mkono mwingine uliopimwa vizuri unaifunika.

Ukifika kwenye ufito mpya

Baada ya rodi mbili tatu za kuponya, ufito mpya hauna la kukutisha. Mpangilio ni huu: tafuta mgongo, gundisha kiti na mpini, panga pete, funga, paka.

Mgongo ni upande mgumu zaidi wa ufito. Simamisha kitako kwenye sakafu laini, egemeza ncha kiganjani, ubonyeze katikati ukiuviringisha. Kuna mahali utaruka na kutulia. Mafundi wanabishana kama una umuhimu wowote. Nautafuta, lakini ufito ukiwa na kombo naangalia kombo kwanza, kwa kuwa mteja ataliona kombo siku ya kwanza na mgongo hatauona maisha yake yote.

Kiti cha rili huwa kipana kuliko ufito. Zungushia tepu ya karatasi mikanda mitatu minene iliyoachana sentimita moja, na zile nafasi zijazwe epoksi, tepu ya mwisho ikifunikwa kabisa. Ukijaza tepu tupu, maji yatainywea na kiti kitaanza kuzunguka samaki akiwa kwenye mshipi. Mpini wa foamu hupita kwa maji ya sabuni. Wa kizibo usugue tundu lake taratibu.

Kwa rodi ya mita 2.1 ya kurusha ukiwa ufukweni, yenye rili ya kuning'inia chini, naanza na pete 7 bila ya ncha, zikiwa umbali wa sentimita 10, 21, 34, 49, 67, 89 na 115 kutoka nchani. Ni pa kuanzia tu. Zishikize kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, pitisha mshipi, funga chupa ya maji ya lita moja na nusu, inyanyue rodi ipinde. Mshipi ufuate mkunjo wa ufito bila kona kali. Penye kona sogeza pete au ongeza. Rili ikikaa juu, tazama mshipi usiuguse ufito popote kati ya pete mbili. Weka alama kwa penseli ya nta, kisha chungulia tena kutoka kwenye kiti hadi nchani kabla ya kugusa uzi. Rodi yangu ya kwanza mpya ilikuwa na pete zilizonyooka kabisa zenyewe kwa zenyewe, na kiti kimetazama pembeni. Mvulana wa boti aliishika, akaipindua, akasema: "Bro, hii ni ya kuvulia kaa?"

Epoksi hushikika baada ya siku moja lakini hufikia ugumu wake kamili baada ya siku 7 hivi. Itundike wima, pete zisibebe uzito, na mwenyewe akipiga simu siku ya tatu mwambie bado. Siku ya nane funga rili, nenda ufukweni na ndoo ya mchanga wa kilo tatu, mwenzio aivute polepole huku umeilaza rodi kidogo, na usikilize. Ukisikia kitu kikilia tik, rudi nayo benchini.